Masizi, nanotyubu, grafini au nyuzi za fedha: kuchagua kihisi cha mguso kwa pwani ya kusini

Anayetaka kutengeneza kihisi cha mguso kinachokunjika hukwama mapema, na hukwama kwenye swali moja: umeme upitie kwenye nini? Mwanafunzi wa ufundi wa Mtwara mjini mwenye mradi wa kumalizia chuo analikuta swali hilo. Fundi viatu wa Lindi aliyeombwa soli ya kumlinda mgonjwa wa kisukari asiyehisi nyayo zake analikuta vilevile. Ukienda kusoma, kila utafiti unasifu kitu chake na namba zake zinavutia. Lakini namba hizo karibu zote zimepatikana kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Kihisi chako kitaishi kwenye joto la pwani, hewa ya chumvi, jasho la mkono na, msimu ukifika, vumbi la salfa ya mikorosho.

Nimelinganisha vitu vinne kwa vigezo vilevile: nguvu ya mguso unaotaka kupima, namna ya kupima, uvumilivu kwenye hewa yetu, kupatikana na kutengenezeka, na usalama. Kigezo cha hewa nimekipa nafasi kubwa kwa makusudi. Kihisi kinachofanya kazi vizuri mezani wiki ya kwanza kinaweza kuwa kimekufa kabla mvua hazijaisha, na mtu asijue kimeuawa na nini.

Vinne vinavyolinganishwa

Cha kwanza ni masizi ya kiwandani, unga mweusi wa kaboni unaotengenezwa kwa kuchoma mafuta mazito kwenye hewa haba. Chembe zake ni za makumi ya nanometa, na nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya meta. Ndiyo yanayoyapa matairi ya gari weusi na uimara wake. Yakichanganywa na plastiki hutoa shuka jeusi laini linalopitisha umeme kidogo, na shuka la namna hiyo huuzwa likiwa tayari, kwa sababu viwanda hulitumia kufungia vifaa vya elektroniki visidhurike na umeme tuli.

Cha pili ni nanotyubu za kaboni. Hizi ni mirija ya atomi za kaboni yenye kipenyo cha kuanzia nanometa moja hadi makumi kadhaa, na urefu unaoweza kuwa mara elfu ya kipenyo hicho. Sumio Iijima wa Japani ndiye aliyezitangaza kwa wanasayansi mwaka 1991. Ziko za ukuta mmoja, ambazo ni ghali sana, na za kuta nyingi, ambazo bei yake inavumilika.

Cha tatu ni grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja tu. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga mwaka 2004 pale Manchester, Uingereza, kwa kubandua kinywe (grafiti, madini meusi ya ndani ya penseli) na selotepu, wakapata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2010. Kinywe chenyewe ni matabaka ya grafini yaliyolaliana, na kinywe tunacho: Ruangwa, mkoani Lindi, kuna mashapo makubwa ya madini hayo. Nitalirudia hili, maana linawafanya watu wa huku wavutwe na grafini kuliko inavyostahili, na wakati mwingine wasiipe nafasi inayostahili.

Cha nne ni nyuzi nano za fedha. Ni nyuzi za madini ya fedha halisi, kipenyo chake mara nyingi kati ya nanometa 20 na 100, urefu wake makumi ya maikrometa. Zikitandazwa juu ya plastiki hufanya mtandao mwembamba kiasi kwamba unaona upande wa pili. Viwanda vinazitaka kwa sababu tabaka angavu linalotumika kwenye vioo vya simu, oksidi ya indiamu na bati, hupasuka likivutwa hata kwa asilimia moja au mbili tu.

Wapo pia MXene, matabaka membamba ya metali na kaboni au nitrojeni, waliogunduliwa mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani. Hao nimewaacha nje. Njia yao ya asili inahitaji asidi ya haidrofloriki, ambayo hairuhusu uzembe hata wa sekunde, na maji na hewa huwageuza polepole kuwa oksidi ya titani. Kwa pwani hii sioni sababu ya mtu kuanza nao.

Nguvu ya mguso

Mguso mwepesi wa kidole uko chini ya kilopaskali 10. Hiyo ni kama gramu 100 zikikaa kwenye eneo la sentimita moja ya mraba. Kushika kikombe au kubeba kitu huwa kati ya kilopaskali 10 na 100. Mguu wa mtu anayetembea unavuka hapo: kwenye viatu vya wagonjwa wa kisukari, wataalamu hulenga shinikizo la juu kabisa libaki chini ya kilopaskali 200, yaani kama kilo mbili juu ya eneo la ukucha wa kidole gumba.

Wengi hukimbilia kihisi chenye usikivu mkubwa kuliko vyote. Mwaka 2010 timu ya Zhenan Bao, Chuo Kikuu cha Stanford, ilitengeneza kihisi cha mpira kinachotambua nzi akitua. Kitu kama hicho ukikiweka chini ya kisigino kitafika mwisho wa kipimo chake kabla mtu hajamaliza kusimama, na baada ya hapo hakitakuambia lolote. Jambo jingine la kujifunza kwenye kazi ile ni kwamba usikivu wake ulitokana na umbo la mpira, uliofinyangwa vipiramidi vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukimimina silikoni juu ya msasa na kuibandua ikishakauka, unapata uso wenye vinundu unaofanya kazi ya namna hiyo kwa gharama ndogo sana. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha kitu cha kupitisha umeme, jaribu kubadilisha msasa.

Masizi yanafaa mguso wa kati na mzito. Ili umeme upite, lazima chembe zigusane kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwa kuwa chembe hizi ni za mviringo, mara nyingi zinahitajika asilimia 10 hadi 20 ya uzito, pengine zaidi. Mpira uliojaa masizi kiasi hicho unakuwa mgumu, na mguso mwepesi hausikiki.

Nanotyubu ni ndefu, kwa hiyo zinafikiana hata zikiwa chache. Mara nyingi chini ya asilimia moja inatosha, na mpira unabaki laini. Ukilichovya sifongo kwenye wino wa nanotyubu na kulikausha, unapata kihisi kinachosikia kidole chepesi na bado kinaendelea kusoma unapokandamiza kwa kiganja. Kwa upana wa kipimo sijaona kitu kinachozipita kati ya hivi vinne.

Grafini ni sikivu kupita kiasi, kwa maana nzuri na mbaya. Vipande vyake ni bapa na vinateleza juu ya vingine, hivyo mvuto mdogo tu unabadilisha sana ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita. Mwaka 2016 watafiti wa Trinity College, Dublin, waliichanganya na ule udongo laini wa silikoni wanaochezea watoto. Kipimo chao cha usikivu kwa mvuto kilizidi 500, wakati vipimio vya kawaida vya utepe wa chuma viko kama 2. Waliweza kusoma mapigo ya moyo shingoni na hatua za buibui mdogo. Kwa mapigo ya moyo na pumzi hiyo ni sifa kubwa. Kwa mkono unaobeba gunia ni balaa, kwa sababu kila mtikisiko unaingia kwenye kipimo.

Nyuzi za fedha zenyewe hazisikii shinikizo kwa kiasi cha maana. Kazi yake ni nyingine, nayo inatupeleka kwenye kigezo kinachofuata.

Namna ya kupima

Kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kupima ukinzani: unabonyeza, chembe zinagusana zaidi, umeme unapita kwa urahisi. Ya pili ni kupima kapasitansi: unaweka mabamba mawili yanayopitisha umeme, katikati mpira usiopitisha, na ukibonyeza mabamba yanakaribiana na uwezo wa kushika chaji unaongezeka.

Vitu vitatu vya kaboni vinafaa njia ya kwanza kwa sababu ukinzani wao unabadilika. Fedha inafaa njia ya pili kwa sababu hiyo hiyo kinyume chake: unataka bamba ambalo ukinzani wake ni mdogo na unabaki mdogo hata likikunjwa. Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Wanashindanisha grafini na fedha kama wachezaji wa nafasi moja, wakati mara nyingi kihisi kizuri kinahitaji kaboni ya kuhisi na fedha au shaba ya kutolea umeme.

Njia ya ukinzani ni rahisi sana kwa anayeanza. Chukua kipande cha shuka la masizi chenye ukubwa wa stempu, kiweke kati ya vipande viwili vya utepe wa shaba, shika multimeta, kile kipimo cha umeme cha mafundi, kwenye pande mbili. Bila kugusa, multimeta inasoma makumi ya maelfu ya omu (kipimo cha ukinzani) na tarakimu zake hazitulii. Weka kidole, zinaanguka. Kandamiza, zinashuka kuelekea mamia. Achia, na hapa angalia kwa makini: zinapanda haraka mwanzoni, kisha zinajikokota, na hazirudi pale pale zilipokuwa.

Huko kutorudi ndiko udhaifu mkubwa wa masizi. Mpira umebanwa, chembe zimejipanga upya, na zinachukua muda kurudi. Nanotyubu zilizopakwa juu ya sifongo zina nafuu. Grafini iliyo kwenye udongo laini hubadilika yenyewe taratibu hata isipoguswa, maana udongo unatiririka. Kapasitansi yenye mabamba ya fedha na mpira mzuri katikati ndiyo inayorudi vizuri, lakini inataka saketi makini zaidi na inasumbuliwa na mkono unaopita karibu, kwa kuwa mwili wa mtu nao una uwezo wa kushika chaji.

Kama swali lako ni la ndiyo au hapana, mtu amegusa au hajagusa, usihangaike na hili. Ubao wa Arduino, kompyuta ndogo ya wanaojifunza elektroniki, unaogawa volti 5 kwa hatua 1,024 pamoja na rezista moja unatosha, na masizi yatakutumikia vizuri. Ukitaka kujua ni gramu ngapi, hapo kutorudi ni jambo la kufa na kupona.

Unyevu, chumvi, jasho na salfa

Nianze na fedha, kwa sababu ndiyo yenye mengi ya kuogopa huku. Kila mwenye bangili ya fedha anajua inavyokuwa nyeusi: salfa ya hewani inaungana na fedha na kufanya salfaidi. Bangili inasuguliwa inang'aa tena, maana weusi uko juu juu tu. Unyuzi wa nanometa 50 hauna ndani ya kubakia. Weusi ule ule unaula wote, na mtandao unakatika vipande vipande.

Sasa fikiria Newala, Tandahimba au Masasi msimu wa kupulizia mikorosho. Wakulima wanapuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, na vumbi lake la njano linakaa kwenye majani, kwenye nguo, kwenye kizingiti cha mlango. Kihisi cha fedha kisichofunikwa vizuri kwenye mazingira hayo sikipi maisha marefu. Ongeza jasho, ambalo lina kloridi, na hewa ya Mikindani au Kilwa iliyojaa chumvi ya bahari. Kloridi nayo huigeuza fedha kuwa kitu kisichopitisha umeme. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wa saketi wanalijua: penye unyevu na volti ya mkondo mmoja, fedha huhama. Inaota vijiti vidogo kutoka njia moja ya umeme kwenda nyingine, na siku moja zinagusana. Ukitumia fedha, funika kote, acha nafasi pana kati ya njia na njia, na usiache volti ikikaa muda wote. Iwashe unaposoma tu.

Kaboni haipati kutu na salfa haiigusi. Hiyo ni faida kubwa kwa masizi, nanotyubu na grafini safi. Lakini msidhani mmemaliza. Unyevu unaingia kwenye kilichoibeba kaboni. Ukipaka nanotyubu kwenye kitambaa cha pamba, pamba inakunywa maji, inavimba, na kipimo kinabadilika bila mtu kugusa. Silikoni inazuia matone ya maji, ila mvuke unapita ndani yake kwa urahisi, jambo linalowashangaza wengi. Joto nalo hubadilisha ukinzani wa mchanganyiko wa kaboni, hivyo kihisi kilichosawazishwa asubuhi ya kipupwe kitasema uongo saa nane mchana kama hukuweka kipimajoto kando yake.

Grafini ina tahadhari yake ya pekee. Njia nyingi za kemikali hupitia kwanza oksidi ya grafini, ambayo inapenda maji kiasi kwamba watu huitumia kutengeneza vihisi vya unyevu. Hata ikishapunguzwa oksijeni, mabaki hubaki. Ukinunua grafini ya aina hiyo na kuiweka kwenye glovu ya mtu anayetoka jasho, utakuwa unapima jasho ukidhani unapima mguso.

Dawa ya karibu yote haya ni kufunika, na ya kufunikia ipo. Ile plastiki ya kufungia vitambulisho na vyeti kwenye maduka ya kudurufu inazuia mvuke kuliko silikoni. Inakunjika, ingawa haivutiki, kwa hiyo inafaa soli na mkanda wa mkono na haifai kwenye kiwiko. Acha ukingo mpana wa plastiki tupu kuzunguka kihisi, na pale waya unapotokea ongeza gundi, kwa sababu maji huingilia hapo.

Kupatikana na kutengenezeka

Masizi yanaongoza kwa urahisi. Shuka lililo tayari linakatwa kwa mkasi, na kama halipo, unga wake unachanganywa na silikoni kwa mkono. Mambo mawili ya kuepuka. Masizi ya kibatari yana mafuta mafuta na hayapitishi umeme vizuri, hayafai. Ule uji mweusi ndani ya betri kavu iliyokwisha si kaboni tupu: mwingi ni oksidi ya manganizi, ambayo si ya kuchezea kwa mikono mitupu.

Kuhusu silikoni yenyewe, ile ya madirisha ya aluminiamu inayonukia siki hukauka kwa kutumia unyevu wa hewani, kwa hiyo huku inakauka upesi. Siki ile, hata hivyo, inaila shaba. Ulizia aina isiyonukia siki kabla hujaigusisha na waya.

Nanotyubu hazitengenezeki nyumbani. Zinaagizwa. Kazi inayobaki kwako ni kuzitawanya, maana zinashikana mafundo, na bila mashine ya mawimbi ya sauti utapata uji wenye mabonge. Nunua zikiwa tayari kwenye maji au alkoholi, hata kama ni ghali kidogo. Usalama wake nao unadai hivyo, kama nitakavyoeleza.

Sasa grafini na kinywe cha Ruangwa. Mwaka 2014 watafiti wa Dublin walionyesha kwamba kinywe kikisagwa kwenye maji yenye sabuni, hata kwa blenda ya jikoni na sabuni ya vyombo, baadhi ya matabaka yanabanduka na kuwa grafini. Ni kweli, na ni jambo la kufurahisha kwa mkoa wenye kinywe ardhini. Ila lisomeni lote. Kinachobanduka ni kidogo sana, kilichobaki ni kinywe kilekile kikiwa kimesagika. Inabidi kukitenganisha, ama kwa mashine ya kuzungusha ama kwa kuacha kitulie na kuchukua maji meusi ya juu. Sabuni haipitishi umeme, hivyo inabidi ioshwe. Na blenda hiyo haitarudi jikoni tena.

Hata wauzaji wakubwa wana shida hiyo. Mwaka 2018 watafiti wa Singapore walichapisha vipimo vya sampuli za kampuni 60 kutoka pande mbalimbali za dunia, na nyingi zilikuwa na grafini chini ya asilimia 10. Sehemu iliyobaki ya sampuli hizo ilikuwa unga wa kinywe. Ukiuziwa mfuko wa unga ulioandikwa grafini bila maelezo ya idadi ya matabaka, umeuziwa matumaini. Vipande vyenye zaidi ya matabaka 10 havihesabiwi tena kuwa grafini.

Pamoja na hayo, nawatia moyo walimu na wanafunzi wa Lindi waijaribu njia ya blenda. Kwa kihisi cha kufundishia, kinywe chembamba kilichobanduka nusunusu kinafanya kazi. Mstari mnene wa penseli laini juu ya karatasi, ukiukunja, unabadilisha ukinzani mbele ya macho ya darasa zima, na hapo mtoto anaelewa kwa nini madini ya kijijini kwao yana thamani kuliko kokoto.

Nyuzi za fedha zinatengenezwa kwa kuchemsha nitrati ya fedha kwenye ethilini glikoli pamoja na polima inayozielekeza zikue kwa urefu, kwenye joto la karibu nyuzijoto 150 au 160 za Selsiasi. Maabara ya chuo yenye jiko la kudhibiti joto inaweza kulifanya. Fundi wa mtaani atanunua kichupa. Kuzipaka ni rahisi mno: zinapuliziwa au zinapakwa kwa brashi, alkoholi inakauka, mtandao unabaki.

Kwa vyote vinne, mahali panapokufa mara nyingi ni kwenye maungio. Lehemu haishiki kwenye kaboni wala kwenye mpira. Utepe wa shaba uliobanwa kwa vifungo vya chuma, vile vya kubana vya nguo za watoto, unavumilia kukunjwa kuliko gundi yoyote niliyoiona ikitumika.

Usalama wa mapafu na bahari

Nanotyubu ndizo za kuheshimiwa kuliko zote. Mwaka 2008 majaribio kwa panya yalionyesha kwamba zile ndefu za kuta nyingi zinaweza kuleta madhara yanayofanana na ya asbesto. Mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka aina moja, Mitsui-7, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Unga wa masizi nao uko kwenye kundi hilo. Hatari ni vumbi linalovutwa. Ndani ya mpira uliokauka chembe zimefungwa. Kwa hiyo usifungue mfuko wa unga penye upepo wala kwenye chumba wanachocheza watoto, vaa barakoa ya N95, futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na usichome mabaki.

Grafini ya blenda ikiwa majini haina vumbi. Ikikauka, itendee kama masizi. Nitrati ya fedha inaacha madoa meusi kwenye ngozi na inaunguza macho. Fedha ya nano inaua viumbe wa majini, hivyo maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe kwenye mfereji unaokwenda ufukwe wa Shangani, Mtwara, au kwenye hori la Lindi. Watu wanavua hapo.

Chagua kwa hali yako

*Mradi wa chuo, bajeti ndogo, muda mfupi.* Shuka la masizi. Onyesha ndiyo au hapana, au ngazi tatu za mguso: mwepesi, wa kati, mzito. Usiahidi gramu. Ukitaka kuupamba mradi, linganisha uso laini na uso uliofinyangwa kwenye msasa. Hilo peke yake ni utafiti unaoeleweka.

*Soli ya mtu asiyehisi nyayo*, kwa kisukari au kwa ukoma, ambao kusini bado haujatuacha. Hapa nawasihi muwe waangalifu kuliko pote. Unahitaji kipimo kinachofika kilopaskali 200 na zaidi, kinachovumilia jasho, kwenye kisigino, ukingo wa mbele wa wayo na kidole gumba. Masizi yanafaa kama kazi ni kuonya tu kwamba sehemu moja imeelemewa muda mrefu. Sifongo la nanotyubu lililofungwa kabisa ndani ya plastiki linafaa kama unataka kulinganisha leo na jana. Vifungo na waya vikae pembeni ya soli, mbali na ngozi: mgonjwa hatahisi kinachomchoma, na kidonda kitaanzia kwenye kifaa kilichokuja kumkinga. Mganga wake ajue kabla hajavaa.

*Glovu kwa wabanguaji wa korosho.* Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, hivyo glovu yenyewe ni muhimu kuliko kihisi. Kihisi kikae ndani yake, cha nanotyubu kwenye mpira mwembamba, kisiufanye mkono mzito. Fedha msiitumie karibu na maghala yenye salfa.

*Mapigo ya moyo, pumzi, koo likimeza.* Grafini, ikiwa umepata ile yenye maelezo kamili ya matabaka na si ile ya oksidi, na ikiwa mgonjwa ametulia kitandani. Mtu anayetembea atakuvurugia kila kitu.

*Kioo cha kugusa kinachokunjika, au kitufe angavu juu ya picha.* Nyuzi za fedha, maana masizi na nanotyubu hapa hushindwa kwa giza lao: masizi hayapitishi mwanga kabisa, na nanotyubu zikiongezwa mpaka umeme upite vizuri, kioo kinakuwa cha moshi. Funika pande zote, tumia kapasitansi, na kifaa kikae ndani ya nyumba.

*Darasa la sekondari Ruangwa au Nachingwea.* Kinywe na penseli kwanza, blenda baadaye, mwalimu akiwa ameshika swichi.

*Umebakiwa na viwili na huwezi kuamua.* Vijaribu vyote kwenye hewa ya huku kabla ya kununua kwa wingi. Chukua ndoo yenye mfuniko, weka bakuli la chumvi ya jikoni iliyoloweshwa maji mpaka iwe kama uji mzito. Chumvi hiyo huifanya hewa ndani ya ndoo ibaki na unyevu wa takriban asilimia 75. Ning'iniza vipande vya vyote viwili juu yake visiguse chumvi, toa waya nje kupitia tundu lililozibwa kwa gundi, funika. Kwenye ndoo ya pili rudia vilevile, ukiongeza kijiko cha salfa kwenye karatasi. Pima ukinzani asubuhi na jioni, saa zilezile, kila kipande kikiwa hakijaguswa na kisha kikiwa chini ya uzito uleule, kwa mfano pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Andika kwenye daftari. Ndani ya wiki chache utaona kipi kinahama na kipi kimetulia, na hicho kilichotulia ndicho cha kuagiza, hata kama kwenye makala za maabara kilishika nafasi ya tatu.